Rivolva ya 1873: baruti nyeusi au baruti isiyo na moshi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, sasa nina ukaazi wa kudumu Marekani na naishi Houston. Nimeingia klabu ya walengaji wanaotumia silaha za mtindo wa karne ya 19, na nimenunua rivolva mpya iliyotengenezwa Italia kwa mfano wa Colt ya 1873, ya risasi za .45 Colt. Nusu ya wenzangu wanapiga baruti nyeusi, nusu wanapiga baruti isiyo na moshi, na kila upande unaucheka mwengine. Yupo pia mzee anataka kuniuzia Colt ya asili ya mwaka 1891. Nataka kuanza kujaza maganda mwenyewe. Nichague baruti gani, na kwa nini? Na siku nikirudi Pemba naweza kuja nayo hiyo ya kale niiweke nyumbani iwe kumbukumbu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Unazungumzia bastola mbili, kwa hivyo na majibu ni mawili. Hiyo mpya ya Kitaliano imetengenezwa kwa chuma cha leo na inahimili baruti zote mbili, maadamu shinikizo halivuki kipimo cha .45 Colt. Hiyo ya 1891 ni ya baruti nyeusi peke yake, au isipigwe kabisa. Na kwa vile ndiyo kwanza unaanza kujaza, ushauri wangu ni uanze na nyeusi hata kwenye hiyo mpya. Wengi watakwambia kinyume, kwamba nyeusi ina uchafu. Ni kweli, ina uchafu hasa. Lakini uchafu dawa yake maji, na silinda iliyopasuka haina dawa.

Tuanze na namna zinavyoungua, maana mengine yote yanatoka hapo. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, kwa kiasi cha sehemu 75, 15 na 10 katika kila 100. Moto wake hula punje kutoka nje kwenda ndani, kwa hivyo punje ndogo huisha haraka na kubwa huchelewa. Ndiyo maana kopo huandikwa Fg, FFg au FFFg: kadiri F zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo. Kwa bastola yako ni FFg au FFFg. Sifa kubwa ya baruti hii ni kwamba kasi yake ya kuungua haipandi sana shinikizo linapopanda. Husukuma, haipigi.

Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884, ni selulosi iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki. Hiyo huungua kwa kasi zaidi kila shinikizo linapoongezeka, na kila inapoungua kwa kasi zaidi shinikizo nalo huongezeka. Basi ni mambo mawili yanayochocheana. Uzito kwa uzito, nguvu yake ni kama mara tatu ya nyeusi. Mtu akijua kuipima, ni kitu kizuri sana: safi, haili chuma, haifichi shabaha nyuma ya wingu. Asiyejua kuipima haonywi na chochote mpaka imeshatokea.

Hebu kumbuka ile mizinga ya shaba ya Kireno iliyokuwa mbele ya Bait al-Ajaib, pale Forodhani. Unene wote umerundikwa nyuma, kwenye chumba cha baruti, kisha mwili unapungua kuelekea mbele. Mhunzi aliyeisubu hakuwa na hesabu za shinikizo, lakini alimjua mnyama wake: baruti moja, tabia moja. Rivolva ya 1873 nayo ilichorwa kwa kumjua mnyama huyohuyo. Kuta za silinda, ukubwa wa ganda, mhimili ambao silinda huzunguka juu yake, hata mwanya baina ya silinda na mtutu, vyote vilipimwa kwa baruti nyeusi kwa sababu nyengine haikuwepo.

Sasa litazame ganda lenyewe. La .45 Colt ni refu kwa bastola, milimita 32 na ushei, na urefu huo una sababu moja tu: lilitakiwa libebe greni 40 za baruti nyeusi, yaani gramu 2.6, nyuma ya kichwa cha risasi cha greni 250 hivi, gramu 16. Ukilijaza kwa baruti isiyo na moshi, kipimo cha kawaida hakifiki robo ya uzito ule. Kinakaa chini kabisa, na juu yake ni chumba kitupu.

Chumba hicho kitupu ndicho ninachokihofia kwa mwanafunzi. Umekaa mezani, maganda 50 yamesimama kwenye kibao, simu inalia, unarudi, unalitilia ganda moja mara mbili. Linapokea bila ubishi. Kichwa kinakaa vizuri, mdomo unabanwa vizuri, na kwa nje halina tofauti na wenzake. Kwa baruti nyingine za kasi hata kipimo cha tatu kinaingia. Kikomo cha .45 Colt kilichowekwa na SAAMI, jumuiya ya viwanda vya silaha na risasi ya Marekani, ni psi 14,000 (pauni kwa inchi ya mraba), karibu bar 965. Kipimo maradufu hakiishii hapo. Kinapita mbali, na silinda hufunguka kwa juu ikaondoka na daraja la fremu, ule ukanda wa chuma unaopita juu yake. Kwa baruti nyeusi kosa hilo haliwezekani: ganda linajaa kwa kipimo kimoja, na cha pili kinakumwagikia mezani.

Usije ukaelewa kwamba nyeusi ni salama kushika. Kinyume chake. Ikiwa nje ya ganda, ndiyo mbaya zaidi kati ya hizi mbili, kwa sababu cheche ndogo tu inaiwasha na haihitaji kufungiwa ndipo iripuke. Jaza kwa vyombo vya shaba au vilivyotengenezwa mahsusi kwa baruti nyeusi. Vile vipimio vya plastiki vya baruti ya kisasa viache. Weka mezani kiasi kidogo kwenye chombo, kopo lifungwe na liondolewe pale. Sigara hapana. Na kama siku hiyo nyumbani chetezo kinazungushwa vyumbani, udi na ufukizwe, kujaza kungoje kesho.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ganda la leo lina kitako kinene kuliko la 1873, kwa hivyo greni 40 hazitaingia. Tarajia 35 hivi, gramu 2.3, na usilazimishe zaidi. Rudisha ganda kwenye kipimo chake, panua mdomo kidogo, tia kitakoni fataki, kile kikombe kidogo kinachowasha baruti, ya kawaida ya bastola kubwa. Pima baruti kwa ujazo, kwa kijiko kilichowekewa alama, kisha imimine polepole kupitia bomba jembamba la shaba la sentimita 50 au 60, ili punje zijipange zenyewe na kushikana. Funika kwa duara la kadi lenye upana wa ganda. Baada ya hapo shindilia kwa kishindilio cha mashine ya mkono, milimita moja na nusu mpaka tatu. Ndipo kichwa kikae juu ya kadi, kikiigusa, na mdomo ubanwe kwa nguvu.

Kuna mawili yanayoharibika hapa. La kwanza ni kushindilia kwa kichwa chenyewe: madini laini ya risasi hutanuka tumboni, ganda hufura nayo, na asubuhi uwanjani unakuta nusu ya risasi zako haziingii kwenye vyumba vya silinda. La pili ni kubaki na uwazi baina ya baruti na kichwa. Baruti nyeusi haitaki uwazi kabisa. Moto ukianza upande mmoja wa chumba kitupu, gesi hupata mwendo kabla ya kukutana na kichwa, na pale zinapogonga ndipo chuma kinapovimba pete. Pete hiyo haiondoki. Ukitaka mlio mwepesi, usipunguze baruti ukaacha pengo: punguza, kisha jaza pengo kwa suji kavu juu ya kadi, ile ile ya kupikia. Au tumia ganda fupi la .45 Schofield, lililobeba greni 28 tangu mwanzo. Wanawake na vijana wa klabu wengi hupendelea hilo la pili, na mkono wa mwanamme pia hautaona haya kulitumia baada ya milio 60.

Baruti nyeusi na ya kisasa zisichanganywe ndani ya ganda moja hata chembe, ati ya kisasa itapunguza masizi. Wako wanaofanya. Usiwaige.

Kichwa nacho kina mambo yake, na hapa ndipo wanaohamia nyeusi huvunjika moyo. Wanachukua vichwa vya dukani, vigumu, vyenye mfereji mmoja finyu uliojazwa nta ya rangi, wanapiga milio 15, mtutu unakuwa kama bomba la moshi, shabaha inapotea, wanasema baruti nyeusi haifai. Kosa si la baruti. Vichwa vile ni vya baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ikishaungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa kitu kigumu. Kingine hutoka na moshi, kingine hugandamana mtutuni. Kazi ya girisi ni kuuweka mgando huo laini, ili kila risasi inayopita isafishe uchafu wa iliyotangulia.

Kwa hivyo tafuta, au subu mwenyewe, vichwa vyenye mifereji mipana na ya kina, kwa madini laini ya risasi: sehemu moja ya bati kwa 20 mpaka 30 za risasi. Ukisubu, subu nje penye upepo, na kalibu isiwe na hata tone la maji. Tone likizama kwenye risasi iliyoyeyuka, sufuria inakutapikia usoni. Girisi nzuri ni nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, nusu kwa nusu, yakiyeyushwa pamoja kwenye chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto. Kwa joto la Houston ongeza nta kidogo, la sivyo kiangazi girisi itashuka na kuloweka baruti. Jeli ya petroli na nta ya mishumaa ya dukani visiingie humo, kwani mafuta ya petroli yakikutana na masizi haya huwa kitu kama lami.

Kipimo cha kwamba girisi inatosha unacho mwenyewe: baada ya milio kumi tazama mdomo wa mtutu. Ukiona nyota ya girisi nyeusi, laini, imetandazika mdomoni, mambo ni mazuri. Ukiona pakavu, na sentimita chache za mwisho zimekwaruza kama ukoko wa wali, girisi iliishia njiani.

Masizi hayo hayo ndiyo yanayoikwamisha silinda. Gesi hutoka kwenye mwanya baina ya silinda na mtutu, hupiga mhimili, huganda, na baada ya milio 20 au 30 nyundo inakuwa nzito kuvuta. Colt ya 1873 ilijipanga vizuri kwa hili, kwani mbele ya silinda ina kola inayozuia gesi isiingie moja kwa moja kwenye mhimili, na nakala nyingi zimeibakisha. Paka mhimili girisi nzito ya aina ile ile ya kwenye vichwa, ujaze vifereji vyake. Kila baada ya mizunguko mitatu au minne pangusa uso wa silinda kwa kitambara chenye maji kidogo. Mwanya wenyewe upime kwa vibamba vyembamba vya kupimia mianya: milimita 0.15 mpaka 0.2 unafaa. Bastola iliyobanwa mpaka 0.05 husifiwa na watu wa baruti ya kisasa. Kwa nyeusi itakwama mapema.

Ungeniuliza kabla ya kununua, ningekwambia uchukue ya .44-40 badala ya .45. Mdomo wa ganda la .44-40 ni mwembamba, hutanuka upesi na kuziba chumba, kwa hivyo masizi hayarudi nyuma na ganda hutoka karibu safi. La .45 Colt ni nene, haliwahi kuziba kwa shinikizo la chini, na moshi huteremka ubavuni mwake mpaka kwenye kitako. Si kasoro ya kukufanya uuze bastola. Kipimo kilichojaa husaidia, maana kadiri unavyopunguza ndivyo ganda linavyozidi kuvuja. Lakini ukija kuvutiwa na nakala za Schofield, zile zinazofunguka kwa kukunjwa katikati, fahamu kwamba za Italia zilirefushwa silinda ili ganda la .45 Colt liingie, na kola ya kuzuia gesi ikafupishwa. Hizo hukwama kwa baruti nyeusi kabla hujamaliza maganda ya kwanza ya siku.

Usafi. Kanuni ni kwamba bastola iliyopigwa nyeusi hailali chafu. Si kesho, si baada ya kufika nyumbani na kula na kulala kidogo. Usiku ule ule. Kilichobaki mtutuni ni chumvi za potasiamu, na mojawapo, kaboneti, hunyonya maji kutoka hewani yenyewe. Unyevu wa Houston unakaribia wa kwetu wakati wa masika, kwa hivyo hesabu kwa saa. Unakijua kinachozipata nondo za madirisha Mji Mkongwe zilizoelekea bahari. Hapa ni chumvi nyengine, lakini ulaji ni ule ule.

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ndiyo maana vimiminika vya kusafishia silaha za kisasa, hata vya bei, havifai hapa: vinapita juu ya chumvi na kuifunika, na kutu inaendelea chini ya ngozi ya mafuta yanayong'aa. Kinachoyeyusha ni maji. Hakikisha kwanza vyumba vyote sita ni vitupu, kisha chomoa mhimili, toa silinda, fungua vibao vya mbao vya mpini. Maji ya moto ya bomba na matone ya sabuni ya vyombo yanatosha. Yaliyochemka hayahitajiki, chuma kikipata joto la ghafla na kukauka chenyewe hutoka vumbi jekundu la kutu mbele ya macho yako. Piga mtutu brashi ya shaba mara kumi au zaidi, vyumba vya silinda kimoja kimoja, uso wa silinda na daraja la fremu kwa mswaki. Utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni salfidi ikikutana na maji, na harufu ikiisha ujue unakaribia kumaliza. Suuza kwa maji safi, pitisha vitambara mpaka kitoke kama kilivyoingia, kausha kila pembe, kisha paka mafuta mengi kuliko unavyodhani yanahitajika.

Baada ya siku mbili pitisha kitambara kikavu mtutuni. Kikitoka na rangi ya hudhurungi, kuna mahali ulipita haraka. Rudia kwa maji, si kwa mafuta.

Mitambo ya ndani, chini ya nyundo, haina haja ya kufunguliwa kila mara. Ijaze girisi kabla ya msimu, masizi yatakwama kwenye girisi badala ya chuma, na uifungue kila baada ya mara nne au tano. Maganda yatoe fataki na uyatie kwenye chupa ya maji ya sabuni pale pale uwanjani. Yakikaa siku tatu yanafanya madoa ya kijani, na amonia usiyaoshee, kwani hufanya shaba iwe ya kuvunjika.

Kuhusu mafuta ya kumalizia, tumia mafuta ya madini ya silaha. Ya nazi usiyapake. Chini ya nyuzi 24 huganda, na baridi ya Januari huko utakuta mitambo imeshikwa kama imetiwa gundi. Yakikaa sana huchacha. Ukitaka kitu cha nyumbani, tone moja la mafuta ya karafuu ndani ya mafuta ya madini halina ubaya. Wajapani ndivyo wanavyoyatengeneza mafuta ya kutunzia panga zao tangu zamani. Kinachokinga ni yale ya madini, karafuu ni ya harufu, lakini Mpemba hakosi kuipenda.

Dukani utaona pia baruti za kuigiza nyeusi. Pyrodex hupimwa kwa ujazo ule ule wa nyeusi, usiipime kwa uzito kwa sababu ni nyepesi zaidi. Ndani yake mna pakloreti, kwa hivyo chuma inakila vile vile na usafi haupungui. Triple Seven haina kiberiti, haina harufu, na ina nguvu zaidi. Punguza ujazo kwa sehemu 15 katika 100 na usiishindilie sana. Zote mbili huwaka kwa joto la juu kuliko nyeusi halisi. Ukipata nyeusi halisi, sioni sababu ya kuzihangaikia.

Nikubali upande wa pili pia. Kama uwanja wenu uko ndani ya jengo, nyeusi hairuhusiwi na hakuna la kujadili. Kama Jumamosi unatoka uwanjani kwenda zamu ya usiku na bastola itakaa kwenye gari mpaka Jumapili jioni, piga isiyo na moshi. Ukifika huko, anza kwa risasi za kiwandani za .45 Colt za shinikizo la kawaida. Ukija kujaza mwenyewe, chagua baruti yenye ujazo mkubwa, inayopanda zaidi ya nusu ya ganda ili kipimo cha pili kimwagike, na kabla ya kuweka kichwa hata kimoja mulika tochi ndani ya maganda yote yakiwa yamesimama kwenye kibao. Vitabu vya vipimo huwa na kurasa mbili za .45 Colt: moja ya bastola za kawaida, nyengine imeandikwa kwamba ni ya Ruger peke yake, bastola za leo zenye chuma kinene zaidi. Hiyo ya pili ina shinikizo karibu maradufu. Yako si Ruger.

Sasa hiyo ya mzee. Colt ilianza kuzidhamini bastola hizi kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900, kwenye namba za karibu 192,000. Ya 1891 iko nyuma sana ya hapo. Watu hutazama kinachoshikilia mhimili: parafujo ya mbele inayoelekea juu kwa mshazari wanasema ni ya zama za nyeusi, kitufe cha pembeni wanasema ni ya kisasa. Usitegemee hilo. Kitufe kilianza kabla ya 1900, na nakala za leo hutengenezwa kwa mitindo yote miwili. Tazama namba, na tazama namba ya silinda kama inalingana na ya fremu, maana silinda huenda ilibadilishwa njiani.

Atakwambia kwamba amekuwa akiipiga kwa kipimo kidogo cha baruti ya kisasa miaka 20 na haijamfanya kitu. Inawezekana. Kipimo kidogo kinaweza kutoa mwendo ule ule wa risasi, lakini kilele cha shinikizo kinakuja upesi na kwa ncha kali, kwenye chuma cha zamani chenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Kila mlio unaongeza kidogo. Ukiinunua, fundi wa silaha za kale aipime kwanza: nyufa kwenye vidato vya silinda vinavyoingia kifungio chake, ambapo chuma ni chembamba kuliko pote, pete mtutuni, na mwendo wa silinda nyundo ikiwa imevutwa. Akiridhika, nyeusi na risasi laini, kwa kipimo cha Schofield. Asiporidhika, itundike ukutani.

Na zote mbili, mpya na kuukuu, zipakie tano, si sita. Kwenye muundo huu nyundo iliyolala inaweza kugusa fataki, na bastola ikianguka inapiga. Tia moja, ruka chumba kimoja, tia nne, vuta nyundo mpaka mwisho, ilaze taratibu: itakuwa imelala juu ya chumba kitupu.

Kuja nayo Pemba, hapana. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale na kuilegezea masharti, lakini ulegevu huo ni wa huko. Hapa ni bastola, na bastola haiingii nchini bila kibali. Kopo la baruti au risasi zilizojazwa kwa baruti nyeusi hazipandi ndege kabisa, si mkononi, si kwenye begi la chini. Na kwa wasomaji wengine walioko huko kwa viza ya masomo au matembezi: ukaazi wa kudumu alionao ndugu yetu ndio unaomruhusu, ninyi kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji.

Kuna kitu unachoweza kuja nacho, na kifanye kabla hujamlipa mzee. Hifadhi ya kumbukumbu ya Colt hutoa, kwa malipo, barua ya kila bastola kwa namba yake: tarehe iliyotoka kiwandani, kipenyo cha risasi, urefu wa mtutu, na ilikopelekwa. Ikiwa barua inasema .38-40 na mtutu wa inchi tano na nusu, na iliyo mezani ni .45 ya inchi saba na nusu, bei anayotaka si bei yake. Ikilingana, nunua, piga picha nzuri, iache Houston kwenye sefu. Barua na picha ndivyo vije Wete.